Fundi Huanza kwa Kuweka Njia ya Kurudi

Mjini Songea, kazi nyingi za serikali na za familia hupita katika chumba kidogo chenye meza mbili, printa na mashine ya kutolea kopi. Ukishuka kutoka Soko Kuu kwenda Mfaranyaki, au ukizunguka Majengo, Lizaboni na Bombambili, utazikuta steshenari kila baada ya hatua chache, na ndani ya kila moja kuna kompyuta inayotegemewa na watu wasiomjua hata mwenyewe: mhitimu wa kidato cha sita anayeomba mkopo wa HESLB, mzazi anayehakiki cheti cha kuzaliwa cha mwanawe RITA, mwalimu anayetuma maombi Ajira Portal, mfanyabiashara wa mahindi anayetafuta namba ya mlipakodi. Kompyuta hiyo ikigoma kuwaka siku mbili kabla ya dirisha la maombi kufungwa, hasara haimpati mwenye duka peke yake. Kwa hiyo namna inavyotengenezwa ni jambo la kufikiriwa kwa uzito. Nataka kuusifu ustadi mmoja ambao baadhi ya mafundi huutumia na wengi wameuacha: kuweka nukta ya kurejesha mfumo kabla ya kuugusa, na kuurudisha mfumo kwenye nukta hiyo unapoharibika. Mafundi huiita ristoo pointi. Hoja yangu ni kwamba huu ndio utengenezaji bora kuliko ule tuliouzoea, na kwamba ubora wake unaonekana zaidi katika mji kama Songea kuliko mahali ambapo kila kitu hupatikana kwa urahisi.

Desturi tuliyoizoea inajulikana. Kompyuta ikileta kioo cha bluu, ikizunguka bila kufika mwisho, au ikiwaka lakini printa haionekani, fundi huuliza swali moja: una vitu kwenye Desktop? Akishajibiwa, hunakili alichoambiwa kwenye flashi, hufomati diski C na kupiga Windows upya. Baada ya saa moja au mbili mashine inapendeza, mwenye mali anashukuru na ada inalipwa. Hasara huanza kujitokeza kesho yake asubuhi, mteja wa kwanza akiwa amesimama mezani. Draiva ya printa haipo, na CD iliyokuja nayo ilipotea zamani. Skana haitambuliki. Programu ya hesabu za duka inadai namba ya leseni iliyoandikwa kwenye karatasi ambayo hakuna anayejua ilipo. Fonti alizozizoea mchapaji wa kadi za michango ya harusi zimetoweka, na nywila zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye kivinjari zimekwenda nazo. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi kilichokuwa kibovu. Kibovu pengine kilikuwa draiva moja iliyoingia juzi. Fundi ameondoa ugonjwa kwa kuondoa pia kila kilichokuwa kizima, na kwa kuwa mashine inawaka, kazi yake inahesabiwa kuwa imefanikiwa.

Nukta ya kurejesha imejengwa juu ya wazo lililo kinyume na hilo, na namna inavyofanya kazi inastahili kuelezwa taratibu kwa sababu ndimo uzuri wake ulimo. Wengi hudhani ni nakala ya kompyuta nzima iliyofichwa mahali fulani. Ingekuwa hivyo, diski ingejaa baada ya nukta mbili tatu. Tangu Windows Vista ilipoingia madukani mwaka 2007, mfumo hutumia huduma ya nakala kivuli. Nukta inapowekwa, kinachonakiliwa ni kidogo sana. Mfumo hukumbuka tu kwamba kuanzia saa hii hali ya diski ni ya kutunzwa. Baadaye, kila mara sehemu ya diski inapotaka kuandikwa upya, yale yaliyokuwamo huhamishiwa kwanza kwenye hifadhi ya pembeni, kwa vipande vya kilobaiti 16, ndipo mapya yanaruhusiwa kuingia. Kisichobadilika hakinakiliwi. Siku ya kurudi, mfumo huchukua vipande vya zamani, huviunganisha na sehemu ambazo hazikuguswa, hupata sura ya diski kama ilivyokuwa saa ile, na kutoka kwenye sura hiyo hurudisha rejista ya mfumo, yaani daftari la mipangilio yake, mafaili ya mfumo, draiva na programu zilizosakinishwa. Barua, picha na hesabu za mwenye mali hubaki zilivyo leo. Draiva ya printa iliyokuwa nzima juzi inarudi pamoja na mengine, bila mtu kuitafuta.

Kwa maneno mengine, chombo hiki hakishughuliki na mashine yote. Kinashughulika na tofauti kati ya nyakati mbili. Nadhani hapa ndipo penye fundisho kubwa la ufundi, kwa sababu kinamlazimisha fundi aulize maswali mengine kabisa. Badala ya kuuliza ni kipi kimeharibika, swali ambalo katika mfumo wenye maelfu ya mafaili mara nyingi halijibiki kwa kutazama, anauliza: mara ya mwisho ilifanya kazi vizuri lini, na tangu hapo kimeingia nini? Mwenye duka asiyejua rejista ni kitu gani anaweza kulijibu swali hili vizuri kuliko fundi. Anajua kwamba Ijumaa ilichapa vyeti bila tatizo, kwamba Jumamosi kijana wake alisakinisha programu ya kubadilisha PDF, na kwamba Jumatatu haikuwaka. Ushahidi wake unakuwa na thamani. Fundi naye anaacha kuwa mtu anayechukua mashine na kupotea nayo nyuma ya pazia. Anakuwa mtu anayesikiliza historia na kuipima kwa orodha ya tarehe iliyo mbele yake kwenye kioo.

Chombo chenyewe kina umri. Windows 98 ilikuwa tayari ikitunza nakala tano za rejista, ambazo fundi aliyejua amri sahihi angeweza kuzirudisha. Windows Me ya mwaka 2000 ndiyo iliyoleta urejeshaji wa mfumo kwa jina na sura tunayoijua, na Windows XP ya mwaka 2001 ikausambaza duniani kote. Katika XP urejeshaji uliweza kutumia hadi asilimia 12 ya diski, mfumo ukijiwekea nukta yenyewe kila baada ya saa 24 na kuzifuta nukta zilizozidi siku 90. Ilipofika wakati XP imejaa katika ofisi na vibanda vya intaneti vya Afrika Mashariki, msaada huu ulikuwa ndani ya kila mashine na hauna gharama ya ziada. Tungetarajia basi kwamba mafundi wetu wangekuwa mabingwa wake. Kwa sehemu kubwa haikuwa hivyo, na sababu yake mojawapo ni ya kuheshimiwa.

Miaka ile ndiyo iliyokuwa miaka ya virusi vya flashi. Virusi vilijinakili kwenye flashi, vikahama kutoka shule hadi ofisi na kutoka ofisi hadi steshenari, na vingine viliingia hata kwenye folda iliyofungwa ambamo nukta za kurejesha zilitunzwa. Programu za kuzuia virusi zilishindwa kusafisha folda hiyo, kwa kuwa mfumo ulikuwa ukiilinda. Fundi alisafisha mashine, akarudisha nukta ya zamani, virusi vikarudi. Ndiyo maana kampuni za kuzuia virusi zenyewe zilishauri kuzima urejeshaji wa mfumo kabla ya kusafisha, kisha kuuwasha tena. Ushauri ulikuwa sahihi. Kilichopotea njiani ni nusu yake ya pili: mafundi wengi walijifunza kuzima, wachache wakakumbuka kuwasha. Fundi akamfundisha mwanafunzi wake, mwanafunzi akamfundisha mwenzake, na hatua iliyokuwa ya muda ikawa kanuni. Hata leo ziko Windows zilizopunguzwa uzito zinazozunguka kwenye flashi, na katika baadhi yake kipengele hiki kimekwishaondolewa kabla mnunuzi hajaiona mashine. Natoa heshima kwa sababu iliyozaa desturi hiyo. Desturi yenyewe imepitwa na wakati, kwa kuwa tishio lililoizaa limebadilika na mfumo wa kutunza nukta nao umebadilika.

Jambo baya zaidi ni kwamba watengenezaji wa Windows nao wamerudi nyuma kimyakimya. Katika kompyuta nyingi zenye Windows 10 na 11, ulinzi wa mfumo huwa umezimwa mpaka mwenye mashine auwashe. Kisha, kuanzia toleo la 1803 la Windows 10, lililotoka mwaka 2018, mfumo uliacha kunakili rejista kwenye folda ya akiba kama ulivyokuwa ukifanya zamani. Folda ipo, mafaili yamo, lakini ukubwa wake ni sifuri. Microsoft ilieleza kwamba lengo lilikuwa kupunguza nafasi ambayo Windows inachukua kwenye diski, na ikapendekeza watu watumie nukta za kurejesha. Ukiziweka hatua hizo mbili pamoja unaona hatari: kinga moja imeondolewa, na ile inayopendekezwa badala yake mara nyingi imezimwa. Kati ya mtu na hasara hakuna kilichobaki isipokuwa fundi anayejua kuwasha kitu hiki kwa mkono wake. Kwa hiyo ule uliokuwa msaada wa mashine sasa umekuwa kazi ya binadamu, na ndiyo sababu nauita ustadi.

Yako mapingamizi, na lililo zito kuliko yote halihusu nafasi ya diski wala virusi. Linasema hivi: kurudisha mfumo ni kutengeneza bila kuelewa. Fundi anabofya tarehe, mashine inapona, na hakuna aliyejua iliumwa nini. Kesho sasisho lilelile linaingia tena, mashine inaanguka tena, na fundi anarudi kubofya. Pingamizi hili lina ukweli, na anayeusifu urejeshaji bila kulijibu anasifu uvivu. Lakini tulipime kwa kulinganisha na njia nyingine. Anayefomati naye hakujua mashine iliumwa nini, na zaidi ya hapo amefuta ushahidi wote. Anayerejesha anabaki na vitu viwili vya thamani kubwa: mashine inayofanya kazi, na orodha fupi ya mambo yaliyoingia kati ya hali nzima na hali mbovu. Kabla hajabofya, Windows yenyewe humpa nafasi ya kuangalia ni programu na draiva zipi zitaathirika, zipi zitaondoka na zipi zitarudi. Orodha hiyo ni mwanzo wa uchunguzi. Akisharudisha, anaweza kusimamisha masasisho, kuingiza kimoja, kuwasha mashine, kuweka nukta mpya, kuingiza kingine, mpaka mkosaji ajulikane kwa jina. Hivyo ndivyo jaribio la kisayansi linavyofanywa: badili jambo moja, tazama, na uwe na uwezo wa kurudi pale ulipoanzia. Bila uwezo wa kurudi hakuna fundi mwenye busara atakayethubutu kujaribu, na asiyejaribu hajifunzi. Urejeshaji, ukiwa mikononi mwa mtu mwenye nia ya kujua, ndio unaofungua njia ya kuelewa.

Waliojenga hifadhidata waliliona hili mapema. Jim Gray, Mmarekani aliyepewa tuzo ya Turing mwaka 1998, aliufafanua muamala kuwa kazi ambayo ama inakamilika yote au inafutika yote, hali ikarudi ilivyokuwa. Watanzania wamekuwa wakiishi ndani ya wazo hilo tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008. Mtu wa Songea akituma pesa kwa ndugu yake Tunduru na muamala ukashindikana katikati, anatarajia salio lake lirudi lilivyokuwa, na hakuna anayesema kwamba kurudisha salio ni kukwepa kulielewa tatizo la mtandao. Kwanza fedha iwe salama, kisha wahandisi watafute chanzo. Sioni sababu ya kuwa na matarajio madogo zaidi kwa kompyuta inayobeba maombi ya mikopo ya wanafunzi.

Pingamizi la pili ni la wale waliowahi kupoteza kazi zao. Wanasema nukta ya kurejesha haiokoi nyaraka, na wako sahihi. Diski ikifa kabisa, nukta inakufa nayo, kwa kuwa zinakaa mahali pamoja. Mwizi akiichukua mashine, ameichukua na historia yake. Programu za kuteka mafaili kwa ajili ya kudai fedha nazo zimejifunza kufuta nakala kivuli kabla ya kudai malipo: WannaCry, iliyolipuka tarehe 12 Mei 2017 na kugusa nchi zipatazo 150, ilifanya hivyohivyo. Jibu langu ni kwamba kila kinga ina mipaka yake, na fundi mzuri huitaja mipaka hiyo kwa mteja kabla ya kupokea mashine. Nyaraka zinahitaji nakala kwenye diski ya nje inayochomolewa na kuwekwa mbali. Mfumo unahitaji nukta. Kazi hizi ni mbili, na mtu anayeacha moja kwa sababu ameifanya nyingine amejidanganya. Kuhusu nafasi ya diski nitasema kwa ufupi: asilimia tatu hadi tano ya diski C inatosha katika mashine nyingi, na nukta za zamani hufutwa zenyewe nafasi inapojaa. Hata kwenye mashine iliyotumika iliyokuja na diski ndogo, gharama hiyo inabebeka.

Sasa tuitazame Songea yenyewe, kwa sababu gharama ya kufomati haifanani kila mahali. Mtu mwenye intaneti ya haraka isiyokatika akipiga Windows upya, anarudishiwa draiva na masasisho yake kwa muda anaotumia kunywa chai. Mwenye steshenari anayetegemea bando la simu lazima anunue kila gigabaiti ya masasisho, mara nyingi katika siku ambayo hakuingiza kitu. Printa yake ikikosa draiva, na anayefahamu aina hiyo yuko Dar es Salaam, umbali ni zaidi ya kilomita 900 za barabara kupitia Njombe, Makambako na Iringa. Urejeshaji hauhitaji intaneti hata kidogo. Kila unachokihitaji kimo ndani ya diski ileile, ilimradi tu ulijitayarisha. Kitu kinachofanya kazi bila bando, bila safari na bila kununua leseni mara ya pili kina thamani ya pekee pembezoni mwa nchi. Nashangaa kwamba kimesahaulika zaidi mahali panapokihitaji zaidi.

Umeme nao unaingia katika hesabu hii. Songea iliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, na ilipofika 2018 ndipo ilipounganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Hali imekuwa bora sana kuliko zamani, lakini umeme bado hukatika, na kompyuta ya mezani inayozimika katikati ya sasisho ni miongoni mwa njia za uhakika za kuharibu mfumo. Nukta iliyowekwa kabla ya sasisho ndiyo dawa yake. Hata hivyo dawa hiyo ina masharti: urejeshaji wenyewe ukikatizwa katikati unaweza kuacha mashine katika hali mbaya kuliko ya mwanzo. Fundi anayejua kazi yake haanzishi urejeshaji kwenye mashine isiyo na UPS wakati mawingu ya Februari yamejikusanya juu ya mji. Anasubiri. Mteja anaweza kuona ni kuchelewesha, kumbe kusubiri huko ni sehemu ya kazi aliyoilipia.

Napenda kukaa kidogo kwenye mambo madogo ya namna hii, maana ndiyo yanayomtenganisha anayejua kubofya na anayejua ufundi. La kwanza ni jina. Windows inamruhusu mtu aipe nukta jina lolote, na wengi huandika herufi mbili tatu ili wamalize. Fundi makini huandika sentensi: kabla ya draiva ya printa mpya; baada ya kusafisha virusi, kila kitu kinafanya kazi; kabla ya sasisho la Juni. Tarehe huwekwa na mfumo wenyewe. Wiki chache baadaye fundi mwingine, ambaye hajawahi kuonana naye, anaifungua orodha na kuyakuta maelezo yanayomwelekeza. La pili ni kuweka nukta wakati mashine ni nzima. Watu hukumbuka njia ya kurudi wakiwa wamekwishapotea, na nukta iliyowekwa kwenye mashine mbovu hurudisha ubovu. Wamatengo wa Mbinga, jirani zetu katika mkoa huuhuu, huchimba mashimo ya ngoro kwenye miteremko yao mapema, ili mvua kubwa ikija ikute udongo umeshikwa. Hakuna anayechimba ngoro wakati shamba linateremka bondeni. La tatu ni kujua mlango wa nyuma. Mashine isiyowaka kabisa bado inaweza kufikiwa kupitia mazingira ya uokoaji, ambayo kwa kawaida hujitokeza yenyewe baada ya mfumo kushindwa kuwaka mara kadhaa, na humo nukta zinaonekana. Fundi asiyelijua hili huona kioo cheusi na kuchomoa flashi ya Windows mfukoni. La nne ni kujua kwamba urejeshaji unaofanywa Windows ikiwa imewaka kawaida unaweza kutenguliwa, na ule unaofanywa katika hali salama au kutoka mazingira ya uokoaji hautenguliki. Mwenye mali ana haki ya kuambiwa tofauti hiyo kabla kidole hakijabonyeza.

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya vibanda vidogo, na kwamba mashirika makubwa yana njia za kisasa zaidi. Tarehe 19 Julai 2024 ililijibu jambo hili. Kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza sasisho moja lenye hitilafu, na kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 zenye Windows zilianguka, ndege zikabaki chini na hospitali zikaahirisha kazi. CrowdStrike ililiondoa sasisho hilo baada ya dakika 78, lakini mashine zilizokuwa zimeanguka hazikuweza kupokea marekebisho kwa kuwa hazikuwaka. Mafundi ilibidi wazifikie moja moja, waziwashe katika hali salama na kufuta faili lililoleta balaa. Nayataja haya kwa sababu mbili. Kwanza, tiba ilikuwa kuondoa kilichoingia usiku ule na kuacha kila kitu kingine kilivyo. Ndiyo hoja ya nukta ya kurejesha, ikitekelezwa kwa mikono. Pili, matajiri wa teknolojia waligundua kwamba thamani ya mfumo hupimwa pia kwa wepesi wa kuurudisha. Novemba mwaka huohuo Microsoft ilitangaza mpango wa kuiwezesha Windows isiyowaka kutengenezwa kwa mbali. Fundi wa Lizaboni anayeweka nukta kabla ya kusakinisha draiva anafanya kwa mkono wake kile ambacho mashirika hayo yalijifunza kwa hasara kubwa.

Kuna jambo jingine linaloifanya kazi hii kuwa ya haraka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 haikubali rasmi kompyuta zisizo na kifaa cha usalama cha TPM 2.0, wala vichakata vingi vya kabla ya kizazi cha nane cha Intel, na mashine za namna hiyo, zilizoletwa nchini zikiwa zimetumika, ziko katika shule, ofisi na steshenari zetu. Hazitatupwa, na wala hazipaswi kutupwa zikiwa bado zinafanya kazi. Wengine watazihamishia kwenye Linux, ambako programu ya Timeshift inatumia wazo hilihili la kurudi kwenye hali iliyotunzwa. Wengine watabaki na Windows 10 na hatari zake. Kwa makundi yote mawili, fundi anayejua kulinda hali nzima ya mashine na kurudi kwayo atakuwa na kazi nyingi kuliko anayejua kufuta tu.

Mkoa huu haukosi mahali pa kumfunza fundi wa aina hiyo. Peramiho, umbali mfupi kutoka mjini, Wabenediktini waliofika mwaka 1898 walijenga karakana zilizowafunza vijana useremala, uashi, kazi za chuma na uchapaji, na kazi za mikono zilizotoka huko zinaheshimika mpaka leo. VETA Songea inaendelea na kazi hiyo kwa fani za wakati huu. Ombi langu kwa walimu wake, na kwa kila fundi mwenye mwanafunzi dukani, ni hili: mfundisheni kijana kupiga Windows mwisho, baada ya kumfundisha kuweka nukta, kuipa jina, kumsomea mteja orodha ya vitakavyobadilika, na kurejesha kutoka mazingira ya uokoaji. Mpimeni kwa idadi ya vitu vizima alivyoviacha bila kuvigusa. Nanyi wenye steshenari, msisubiri fundi. Leo kabla ya kufunga duka, mashine ikiwa nzima, andikeni neno rstrui kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows muone kama kuna nukta yoyote. Kama hakuna, washeni ulinzi wa mfumo kwa diski C, tengeni asilimia tano, wekeni nukta ya kwanza na kuipa jina ambalo mtu mwingine atalielewa. Na fundi atakayekuja kesho na flashi yake mkononi, muulizeni kwanza kama ameitazama orodha hiyo.